Umefika na Nani? Buya Tuneya na Kamba ya Kivukoni

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba mto humuua asiyejua kuogelea. Asiyejua kuogelea huogopa, na mwoga hushika kamba. Anayeiachia ni yule anayejua. Kwa miaka ishirini na miwili Mwalimu Buya Tuneya amewarudia watoto wetu maneno haya, na bado wapo watu wazima ambao hayajawaingia. Leo hii wageni wa ng'ambo walivushwa mapema, jua likichomoza. Ilipopita saa tatu wakaona mtumbwi wa kivuko unavutwa juu na kufungwa kwenye mkuyu, na wakasikika wakiulizana huku wamenyoosha vidole mbinguni: "Kuna nini? Wingu liko wapi?" Jibu lao limo katika waraka huu na litakuja mahali pake. Tunawaomba wavumilie, kwa maana halieleweki bila ya habari zinazolitangulia.

Mwalimu Buya aliingia kazini katika chuo chetu mwaka 1301, ambao wenzetu wa Kipini, kwa hesabu ya Kizungu, huuandika 1884. Anastaafu leo, Ijumaa ya mwezi ishirini wa Mfunguo Mosi 1324, yaani tarehe saba Desemba 1906. Tulipomweleza kwamba wasifu wake utasomwa baada ya sala, alikubali kwa sharti moja. Alisema, "Mkiandika kwamba sijawahi kukosea, siku hiyo mimi nitakuwa shamba. Mtamsifu mwingine." Basi kosa lake limeandikwa humu, kwa ruhusa yake, na kwa kweli bila kosa hilo tusingekuwa na mengi ya kumshukuru.

Hakuajiriwa awe mwalimu. Marehemu Maalim Uledi, aliyekianzisha chuo hiki, alimtaka mvushaji tu. Chuo kiko upande mmoja wa mto, na nusu ya watoto hutoka upande wa pili: watoto wa wakulima wa ukingoni, wa Hewani na Idsowe, pamoja na watoto wa wafugaji ambao ng'ombe wao hunywa kwenye malka, ile njia pana inayoteremkia majini. Buya alikuwa kijana mwenye mabega mapana, hodari wa kupiga pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, na watu walidhani kazi imekwisha hapo.

Wiki ya kwanza mtumbwi ulipinduka mara mbili, maji yakiwa ya magotini. Sababu haikuwa mto. Watoto wa ukingoni walikuwa wakiutikisa mtumbwi makusudi ili watoto wa ng'ombe, yaani wa wale wafugaji, wapige kelele, na watoto wa ng'ombe, badala ya kupiga kelele, walisimama kupigana. Buya hakumchapa mtu. Aliwatoa wote, akachora mtumbwi mchangani kwa ncha ya pondo, akawaambia wakae ndani ya mchoro huo. Atakayegusa mstari amezama, na aliyezama atalala chali mpaka wenzake wafike ng'ambo. Siku hiyo walizama wote. Siku ya tatu wakazama wawili. Siku ya nne Maalim Uledi alikuja kuona kwa nini watoto wanachelewa darasani, akaukanyaga mstari akiwa na kanzu na makubadhi yake.

Buya akasema kwa adabu, "Samahani, Maalim. Umezama."

Maalim Uledi alimtazama mvushaji wake, akatazama mstari, kisha akavua kilemba na kulala chali mchangani. Inasemekana alilala hapo muda wa kutosha kusoma Yasini nzima. Alipoinuka alisema, "Kuanzia leo hili ni somo." Ndivyo somo la viungo lilivyoanza kwetu, kila Jumapili na Jumatano alasiri, kwa watoto wa miaka kumi na mmoja mpaka kumi na minne.

Inafaa kueleza namna alivyofundisha, kwa sababu wapo waliodhani anacheza. Kila jambo gumu lilikuwa na ngazi nne: mchangani, gotini, kiunoni, ndipo mtoni. Mtoto alitembea juu ya gogo lililolazwa chini kwa mwezi mzima kabla ya kutembea juu ya gogo hilohilo likiwa limewekwa juu ya maji. Kuogelea kulifundishwa ndani ya boma la miti lililokitwa mtoni kuzuia mamba, na kila asubuhi Buya alilizunguka boma akiutikisa mti mmoja mmoja, mia mbili na kumi na miwili kwa jumla. Mti mmoja ukilegea, hapakuwa na somo. Machela ya wanne yenye gunia la mpunga ilibebwa kuvuka vilindi vidogo, na gunia likilowa upande mmoja, wote wanne waliuanika mpunga huo punje kwa punje.

Halafu ilikuwapo kamba. Ni kamba nene ya usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, iliyoletwa kutoka Kipini, yenye mafundo kumi na manne. Kila mtoto alikuwa na fundo lake na namba yake, yaani zamu yake mstarini; kamba ikiwa imefungwa pande zote mbili, walisogea fundo kwa fundo bila kuvunja zamu hiyo. Kanuni zake zilikuwa tatu, na tunaamini kila aliyepita hapa anaweza kuzisema akiwa usingizini. Ya kwanza, kamba hufungwa kwenye mti, haifungwi mwilini mwa mtu. Ya pili, mwoga wa maji ndiye hutangulia na kutoa mwendo, na hodari hukaa mkiani. Ya tatu, yeyote kwenye kamba akisema "Bado," wote husimama, na hapana anayeuliza kwa nini mpaka aliyesema aseme "Tayari."

Kanuni ya pili iliwaudhi wazazi wengi. Desturi yetu ni kumtanguliza mwenye nguvu. Buya alieleza kwa subira kwamba mwenye nguvu akitangulia hutazama mbele, na mbele yake hakuna mtu, lakini akikaa nyuma huwaona wote. Mtoto aliyekuja mbio kumwambia, "Mwalimu, nimefika wa kwanza!" alijibiwa kila mara kwa swali lilelile: "Umefika na nani?" Wapo waliorudi mbio kuwafuata wenzao. Wapo waliolia. Hakuna aliyelisahau.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumatano, Mfunguo Tatu 1316, Aprili 1899. Mvua za kwetu zilikuwa hazijaanza, ardhi ilikuwa imepasuka, na katikati ya mto lilikuwa limejitokeza fungu la mchanga. Kati ya ukingo na fungu palikuwa na maji ya magotini, upana wa hatua thelathini hivi. Buya alifunga kamba kwenye mkuyu wa ukingoni, akaivuta mpaka fungu, akaifunga kwenye kigingi alichokikita mchangani. Watoto walikuwa kumi na watatu. Zoezi lilikuwa kuvuka na machela, kuzunguka fungu na kurudi.

Fundo la kwanza lilishikwa na Hawo, binti wa mfugaji Guyo, mwenye miaka kumi na miwili. Hawo alijua ndama wote wa baba yake kwa sauti, lakini maji yaliyopita magoti yalimtoa jasho. Kwa hiyo alitangulia. Fundo la kumi na tatu lilikuwa la Kassim, mwana wa Mwanaarusi wa hapa ukingoni, miaka kumi na minne, mwogeleaji ambaye hata wavuvi walimpisha. Kwa hiyo alikuwa mkiani, na hakupenda.

Hawo aliweka mguu mmoja majini, akasimama. Alikuwa akitazama ng'ambo, kwenye malka. Ng'ombe wa baba yake walikuwa wameteremka kunywa, wamenusa maji, na sasa walikuwa wakirudi nyuma wakigongana pembe.

"Bado," akasema.

Kamba ikasimama. Kutoka mkiani Kassim akapaza sauti: "Hawo! Ng'ombe wako wakikataa kuoga, na sisi tunuke?"

Watoto wakaangua kicheko. Hawo hakugeuka. "Ng'ombe wamekataa maji, Mwalimu. Wana kiu tangu jana, na wamekataa."

Hapa ndipo alipokosea Mwalimu Buya, na ni kosa la mtu wa mtoni hasa. Alitazama mbingu, zilikuwa nyeupe kwa jua. Alitazama kigingi cha alama alichopimia kina cha maji, kilikuwa palepale tangu juzi. Alitazama rangi ya maji, ilikuwa ya kila siku. Alisoma kila kitu ambacho baba yake alimfundisha kusoma, na kila kitu kilimwambia ndiyo. Lakini kanuni ya tatu haikusema "wote husimama mpaka Mwalimu atazame mbingu." Buya akasema, "Mimi nimezaliwa mtoni, binti yangu. Tangulia."

Hawo akatangulia. Hakusema tayari, na hakuna aliyetambua kwamba hakusema.

Kwa wasomaji wasioujua mto huu, ni lazima kufafanua. Mafuriko yetu hayaji na mvua yetu. Mvua hunyesha mbali, kwenye milima ambayo wengi wetu hatujaiona, na maji husafiri siku nyingi kabla ya kutufikia chini ya jua kali, watu wakiwa wanaanika mpunga. Harufu ya udongo wa huko juu hutangulia kidogo. Pua ya binadamu haiipati.

Walikuwa wamelizunguka fungu mara moja na kuanza ya pili pale maji yalipogeuka mekundu. Yalikuja bila kishindo, mapovu kwanza, kisha matete yaliyong'oka na mizizi yake, kisha mto wenyewe ukaonekana kunenepa. Fungu lilianza kuliwa pembeni, likikatika vipande kama mkate unaochovywa. Buya aliamuru machela itupwe. Watoto wakashika mafundo yao, wakageukia ukingo, Hawo mbele. Maji yaliyokuwa ya magotini yalikuwa sasa ya mapajani.

Walipokuwa wote wameshaingia majini, kigingi cha fungu kilipinda, kikachomoka. Mchanga uliokishika ulikuwa umekwisha kuwa uji. Buya alikidaka kichwa cha kamba, na Kassim akakishika pamoja naye, wawili wakijiegemeza nyuma kinyume cha mkondo. Kuanzia hapo kamba ilikuwa imefungwa upande mmoja kwenye mti na upande mwingine kwenye mikono ya watu wawili. Ikilegea, mkondo ungewabeba watoto wote kuwasukuma chini ya ukingo, mahali maji yalipochimba pango kati ya mizizi ya mkuyu. Aliyeingia humo hakutoka upande wa pili.

Wakasogea. Buya alikuwa akiita na watoto wakijibu namba zao. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Saba haikujibu. Mtoto wa fundo la saba, Abduba, alikuwa ameteleza, na mkono wake mmoja tu ndio ulioonekana kwenye kamba.

Buya akamwambia Kassim, "Nakuachia mkia," akaifuata kamba kwenda mbele, akamwinua Abduba kwa ukosi na kumrudishia fundo. Kassim alibaki peke yake nyuma. Maji yalimfika kifuani. Ukingo ulikuwa hatua kumi na mbili tu upande wa chini, na mtu kama yeye angeufikia kwa mapigo sita ya mikono. Alituambia baadaye kwamba aliyahesabu mapigo hayo.

Wakati huohuo, kule mbele, sauti ya Hawo ikasema: "Bado."

Mguu wake ulikuwa umekosa chini. Mbele yake palikuwa na shimo lililochimbwa na mkondo, na alikuwa akiutafuta ukingo wake kwa vidole vya mguu mmoja. Watoto kumi na wawili wakasimama katika maji yanayopanda. Kusimama ndiko kugumu. Anayetembea hudhani anajiokoa, anayesimama hana la kudhani.

"Twende, Hawo!" Kassim akapiga kelele. "Maji yanafika shingoni! Twende, dada, nakuomba!"

"Bado."

"Hawo!"

"Nimesema bado!"

Buya, aliyekuwa amemkumbatia Abduba katikati ya kamba, aligeuza kichwa. Hakumwambia Hawo kitu. Alimwambia Kassim, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayeomba chumvi, "Ukiachia wewe, wao hawana mkia. Shika mpaka aseme yeye."

Kassim alishika. Usumba mbichi ni kama msumeno, na kila mkondo ulipoivuta kamba iliteleza kidogo ndani ya viganja vyake, ikachukua ngozi, na akaibana upya. Hatujui ilichukua muda gani. Wengine walisema muda wa kukata ndizi mkungu mmoja, wengine walisema zaidi. Kisha Hawo akazunguka shimo kwa juu, akapata mchanga mgumu, akasema, "Tayari. Piteni kushoto."

Walitoka wote. Ukingoni Buya aliwapanga mstari wakiwa wanatetemeka, akawaita tena. Moja mpaka kumi na tatu, kila mtu alijibu. Kassim alipojibu yake, hakuweza kufungua vidole. Mama yake ndiye aliyevifungua, kimoja kimoja.

Siku iliyofuata habari zilikuwa zimegeuka wimbo. Buya kaokoa kumi na watatu! Ijumaa watu walikusanyika uani pa chuo, mbuzi amekwisha kuchinjwa, na wazee wamepanga maneno ya sifa. Buya alisimama kabla ya mtu yeyote kusema.

"Kabla hamjala, sikilizeni," alisema. "Hawo alisema bado kabla hatujaingia majini. Mimi nilimpitisha kwa sababu ni mtoto wa ng'ombe, na mimi ni mtoto wa mto. Sikuwaokoa. Niliwaingiza. Aliyewatoa ni Hawo, na aliyewashikia ni Kassim."

Kisha Mwanaarusi, mama yake Kassim, akasimama. "Basi kamba ikunjwe," alisema. "Mwanangu hawezi kushika tonge. Namlisha kama mtoto mchanga. Yakunjwe yote, tuishie kwenye kusoma." Sauti nyingi zikamuunga mkono, na Maalim Uledi mwenyewe aliitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali.

Tuseme wazi kilichokuwa hatarini. Kama somo lingekufa siku ile, mto haungekufa. Watoto wangeendelea kuvuka kila siku kuja chuoni, kwa mtumbwi uleule, bila mafundo, bila namba, bila mtu wa kusema bado. Buya alilijua hilo. Lakini hakujitetea hata kwa neno moja, kwa sababu aliona hana haki.

Aliyesema ni Guyo, babake Hawo. Alikuwa amesimama nyuma, fimbo mabegani, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtu wa nyikani. "Mimi mtu ya ng'ombe," alisema. "Maneno yangu kidogo. Ng'ombe ya mbele ikikataa njia, mimi hapana piga. Mimi simama, mimi tafuta simba iko wapi. Huyu Buya alipiga ng'ombe ya mbele. Makosa. Lakini amesema mwenyewe, mbele ya watu, na tumbo zetu iko njaa." Watu wakacheka kidogo, bila kutaka. "Sasa tusiulize Buya. Tusiulize mimi. Tuulize yeye. Hawo! Utarudi kwa kamba?"

Macho yote yakamgeukia binti yule. Akafikiri. Akasema, "Bado."

Wengine walidhani amekataa. Buya alielewa zaidi. Alisema, "Umesikika," akaketi.

Jumapili iliyofuata alikwenda kivukoni saa ya somo, akakunjua kamba mchangani, akakaa kando yake mpaka alasiri ikaisha. Hakumwita mtoto yeyote. Jumatano akafanya vilevile. Mto ulikuwa umejaa, watu walipita wakimtania, "Buya, unavua bila ndoana?" naye akawajibu, "Namngoja mtu." Wiki zilikwenda. Wapo waliomshauri aanze na watoto wengine, kwa kuwa wengine walikuwa radhi. Alikataa. Kanuni ilisema wote husimama, na safari hii aliamua kusimama kweli. Vipindi kumi na kimoja vilipita hivyo.

Kipindi cha kumi na mbili Hawo alikuja. Hakumsalimia Mwalimu kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwa Kassim, ambaye naye alikuwa na desturi ya kukaa karibu na kamba bila kuigusa.

"Wewe mwana wa mto," akasema. "Viganja vimepona?"

Kassim akavionyesha.

"Vibaya," Hawo akasema. "Kama ngozi ya mamba. Utashika mkia tena?"

"Mpaka useme wewe."

"Na ng'ombe wangu wakikataa kuoga?"

"Nitanuka," Kassim akasema.

Hawo akaliinua fundo la kwanza. "Basi tayari, Mwalimu."

Wakaanza upya, mchangani.

Miaka saba imepita tangu siku hiyo. Mwalimu Buya aliongeza kanuni ya nne: Mwalimu naye yuko kwenye kamba. Maana yake ni kwamba hana ruhusa ya kulipita neno la mtoto wa fundo lolote. Alimwomba pia Guyo awe anawaleta watoto wa mtoni kwenye malka kila msimu wa kiangazi, wakae na ng'ombe siku tatu, waone mnyama anavyonusa maji. Watoto wa wakulima walirudi wakinuka samadi na wakiwa na majina ya ng'ombe kichwani, na mpangilio ulioanza hapo wa mafundo, moja la mtoto wa mto, moja la mtoto wa ng'ombe, haujavunjwa mpaka leo. Tangu mwaka 1884 hakuna mtoto aliyepotea kwenye kamba ya Buya. Yeye mwenyewe hupenda kuongeza, "Kumi na watatu nusura. Na ni mimi niliyewaingiza."

Hawo sasa ni mke wa mtu huko Chewele, mbali juu ya mto. Hakuondoka na kamba, lakini aliondoka na kanuni. Tangu mwaka juzi, kila mto unapobadilika rangi huko kwao, humwambia mchungaji wa kwanza anayeshuka, naye humwambia wa pili, na neno hilo hupokezana kutoka malka hadi malka, likikata njia ya mkato wakati mto ukizungukazunguka. Neno lenyewe ni moja tu, ili lisiharibike njiani.

Mwalimu Buya, tunakushukuru kwa mtumbwi wa mchangani, kwa miti mia mbili na kumi na miwili, kwa mpunga ulioanikwa punje kwa punje, na kwa wiki zile ulizokaa kivukoni ukimngoja mtoto mmoja. Tunakushukuru zaidi kwa maneno uliyoyasema mbuzi akiwa jikoni. Migomba yako ikuzalie, mpunga wako usikutane na kiboko, na Mungu akujalie asubuhi nyingi za kuutazama mto bila kuhesabu vichwa. Nasi tutakaposikia mtu akijisifu kwamba amefika, tutamuuliza lile swali lako.

Kassim mwana wa Mwanaarusi amekabidhiwa kamba, na hii ni siku yake ya kwanza. Saa tatu asubuhi alikuja mchungaji aitwaye Galma, amechoka, vumbi mpaka nyusi. Alimtafuta mwenye kamba, akamwambia neno lililotoka Chewele: "Bado."

Kassim alikwenda kukitazama kigingi cha alama. Hakijasogea. Alitazama mbingu, mnaziona wenyewe. Akaenda kwa Mwalimu Buya, aliyekuwa akinyoa ndevu kwa ajili ya sala, kumuuliza la kufanya. Buya alisema, "Mimi nimestaafu. Wewe unasemaje?"

Kassim alisema, "Bado." Buya akaweka wembe chini, nusu ya kidevu ikiwa na povu, akaenda kumsaidia kuvuta mtumbwi.

Mzee Dadacha wa ng'ambo, ambaye anatuheshimu na tunamheshimu, alimjia juu: "Kijana, mimi nimevuka mto huu kabla hujazaliwa!"

"Ndiyo sababu, Mzee wangu," Kassim akamjibu, na akaikaza kamba kwenye mkuyu.

Nyumba za chuo na za jirani zimefagiliwa na mikeka imetandikwa. Mgeni wa ng'ambo, leo usivuke. Lala upande huu.